Betri za Meneja

Habari za jicho la Yotamu zilifika Ilomba juu ya lori la mbao. Dereva alisimama kando ya barabara bila kuzima injini, akauliza kwa mpiga picha ni wapi, akaonyeshwa nyumba yenye ubao wa bluu. Atuganile alikuwa uani anaanua nguo. Dereva hakukaa, wala hakutaka maji ya kunywa. Alisema mumewe ameumia kule kiwandani Mafinga, betri ya flashi imemlipukia usoni, na sasa yuko hospitali Iringa. Kisha akaongeza, macho yakiwa kwenye lori lake, kwamba mama asichelewe.

Atuganile alibaki na shati la mumewe mkononi. Miaka sita alikuwa ameishi na betri ndani ya nyumba ile. Alijua zinakwisha, zinavuja, zinaacha kutu nyeupe ndani ya redio. Mawe hayo ya flashi yalipochoka waliyaanika juani yapate nguvu kidogo, wakayatumia, yakafa tena, wakayatupa. Kulipuka hakuwahi kusikia. Na kwa kuwa hakuwahi kusikia, kitu cha kwanza kumpanda moyoni hakikuwa kilio. Ilikuwa hasira, ambayo bado haikuwa na mtu wa kumwangukia.

Mtoto wao, Asukile, alimwacha kwa jirani. Alichukua fedha zilizokuwa zimetengwa kwa karatasi za picha, akafunga kanga mbili na sufuria ndogo, na asubuhi alikuwa kwenye basi la Iringa.

Alimkuta Yotamu amefungwa bendeji macho yote mawili, amekaa kitandani mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa. Yeye alimtambua kwa hatua zake. Alimwuliza kwanza kama mtoto yu mzima, kisha akamwuliza kama kamera imeletwa. Atuganile alimjibu la kwanza tu.

Yotamu aliyasimulia mambo vipande vipande. Kazi ilikuwa kuwapiga picha wafanyakazi wote wa kiwanda cha mbao, watu mia nne, kwa ajili ya vitambulisho vipya. Yotamu alitaka kuwapigia nje kwenye mwanga wa bure, lakini ukungu wa Mufindi ulishuka siku tatu mfululizo, ukawa mzito hata mtu wa hatua kumi humwoni. Aliomba wasubiri jua. Meneja, Bwana Magesa, alikataa: wageni wa wizara wanafika Ijumaa, na kila mfanyakazi lazima awe na kitambulisho kifuani. Basi wakahamia ndani ya stoo, na ndani ya stoo bila flashi hakuna picha.

Siku ya pili betri za Yotamu zikaisha. Mwaka huo wa sabini na saba betri zilikuwa za kutafutwa kama dawa. Mafinga nzima haikuwa na duka lenye hata moja. Meneja akamwita mtunza stoo, Jailos, akamwambia kiwanda kina chaja, achukue betri zozote zilizokwisha azichomeke kwenye umeme mpaka asubuhi. Jailos akafanya hivyo. Asubuhi flashi ikawaka vizuri kuliko hata ilivyowaka siku ya kwanza, na watu wakasifu. Walipofika kama watu thelathini na kitu, Yotamu alihisi flashi imekuwa ya moto mkononi. Ilitoa harufu kali, kama sabuni iliyoungua. Akafungua kifuniko kwa ukucha, akainama kutazama, na betri moja ikamtemea.

"Ilinitemea, Mama Asukile," alisema. "Kama nyoka."

Pipa la maji lilikuwa mlangoni pa stoo. Jailos alikimbia akajaza ndoo, lakini meneja akamzuia. Ule ni umeme, alisema, na umeme haumwagiwi maji. Wanataka kumwua mtu? Wakampangusa kwa kitambaa. Gari la kiwanda lilikuwa hapo hapo nje, limeoshwa kwa ajili ya wageni, na meneja akasema haliwezi kwenda Iringa likarudi na matope. Jailos ndiye aliyesimamisha lori la mbao barabarani. Ndiye aliyepanda na Yotamu, akamshika kichwa mpaka Iringa.

Daktari alimweleza Atuganile nje ya wodi. Ndani ya betri zile mna dawa kali kuliko magadi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kula. Alimwuliza jicho lilioshwa kwa maji muda gani. Alipoambiwa halikuoshwa, aliandika kitu kwenye karatasi yake, akabonyeza kalamu kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Jicho la kushoto litapona, alisema mwishowe. La kulia limekwisha.

Sasa hasira ya Atuganile ilikuwa na jina.

*

Siku ya tatu alikuja karani wa kiwanda, kijana mpole aitwaye Mika, na karatasi iliyopigwa taipu. Alisema ni kawaida tu ya ofisi, mgonjwa aweke dole gumba, na kwa kuwa mgonjwa haoni, mkewe anaweza kuweka kwa niaba yake. Alikuwa amebeba hata kidau cha wino. Alikifungua, akakishika mbele ya Atuganile, akasubiri kidole.

Atuganile alichukua karatasi badala ya wino. Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima jioni mbili kwa wiki, na alisoma polepole, kwa sauti, kama walivyofundishwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinyamaza kusikiliza. Karatasi ilisema kwamba mimi, Yotamu, mpiga picha, nilikuja na betri zangu mwenyewe kutoka Mbeya, zikiwa mbovu, na kiwanda hakihusiki kwa lolote. Alipofika mwisho aliikunja mara nne akamrudishia Mika, akamwambia afunike wino wake usimwagike kwenye shuka za watu.

Mika aliona haya. Alisema yeye ametumwa tu. Atuganile alimwambia anajua.

Kesho yake meneja alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa umbo kubwa, kaunda suti imenyooka, na alileta machungwa kumi ndani ya mfuko wa kaki. Alimsalimia Yotamu, akampa pole ndefu, akamwita ndugu yangu. Kisha akasema mama atupishe kidogo, tuna mazungumzo ya wanaume. Atuganile hakunyanyuka. Meneja alimtazama mara moja, akaamua kuongea kama vile hayupo.

Alisema amechunguza jambo hili kwa undani. Karatasi ile ya kwanza ilikuwa makosa ya karani. Ukweli ni kwamba Jailos alichaji betri zile kwa kichwa chake, bila kutumwa na mtu. Tayari amesimamishwa kazi. Jumatatu kutakuwa na kikao kwa afisa kazi hapa Iringa, na Yotamu akithibitisha hivyo, kiwanda kitalipa shilingi elfu mbili na kumpa kazi ya mlinzi wa geti, kazi ya kukaa. Asipothibitisha, basi ajue kwamba yeye hana mkataba wa maandishi, ni mtu wa kupita tu, na sheria haimtambui mtu wa kupita.

"Wewe ni mtu mzima," alisema, akipiga-piga goti la Yotamu. "Fikiria mtoto wako."

Alipoondoka, harufu ya machungwa ilibaki pale kitandani. Atuganile aliyachukua akayagawa wodi nzima, moja moja, mpaka mfuko ukaisha.

Siku ile Yotamu alikuwa amefunguliwa bendeji ya kushoto. Jicho lilikuwa jekundu, linachuruzika machozi, lakini lilimwona mkewe, na yeye aliliona likimkwepa. Alisema elfu mbili ni mshahara wa miezi mitano. Alisema mpiga picha wa jicho moja nani atamwita. Atuganile alimkumbusha ni nani aliyemshika kichwa kwenye lori.

"Jailos ana macho mawili," Yotamu alisema.

Atuganile alifunga kanga yake vizuri, akatoka.

*

Siku zote hizo alikuwa akilala Kalenga, kwa Roza, dada yake Jailos. Jailos ndiye aliyepanga, siku ile ile ya kwanza, na kila asubuhi Roza alimtafutia nafasi kwenye gari la mboga linalokwenda Iringa mjini. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Roza alikuwa amempa kitanda, yeye na watoto wakalala chini, na Atuganile alipokataa aliambiwa kwamba mwenye mgonjwa halali chini katika nyumba ile.

Jioni hiyo alimkuta Jailos amekuja kwa baiskeli kutoka kituo cha basi, amekaa kwenye kigoda anamenya viazi pamoja na dada yake. Mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mvi za mapema. Alimwuliza hali ya mgonjwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kuhusu kazi yake ni Roza aliyesema, bila kuinua macho, kwamba wamempa barua, na barua inasema yeye ndiye aliyeua jicho la mtu.

Chakula kikaja. Atuganile alinawa, akamega tonge, akalirudisha kwenye sahani. Hakuweza kula ugali wa watu wale huku anajua alichokiacha wodini. Akawaeleza yote: elfu mbili, geti, na kwamba mumewe anataka kusaini. Roza aliacha kutafuna.

Jailos alisema hawezi kumlaumu mtu aliyepoteza jicho. Ila kwa kuwa shemeji amekuja na ukweli, naye atampa wake, asiusikie mahali pengine. Kwenye zile betri kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Yeye Kiingereza chake ni cha stoo, lakini aliyaelewa: zisichajiwe. Aliyapeleka kwa meneja, na meneja akamwambia achaji. Asubuhi, kabla ya picha ya kwanza, alimwonyesha Yotamu maandishi yale.

"Alijua?" Atuganile aliuliza.

"Nilimwambia mwenyewe, shemeji. Nisingekuficha."

Alimweleza na jingine. Chaja ile haikuja peke yake. Mtaalamu mmoja wa mradi aliiacha pamoja na betri zake nne, zilizotengenezwa ili zichajiwe na kutumika mwaka hata miwili. Hizo ndizo zingefaa. Meneja alizichukua mwezi wa nne, na sasa zimo kwenye redio ndogo nyumbani kwake.

Atuganile alilala kwenye kitanda cha Roza akitazama bati. Alimchukia Magesa, hilo lilikuwa jepesi. Lililomchoma ni kwamba alimchukia na Yotamu pia, na Yotamu alikuwa mgonjwa, na mtu hamchukii mgonjwa wake.

Asubuhi alimfikia kabla ya chai ya wodi.

"Ulijua," alimwambia.

Yotamu alipangusa jicho. "Nilijua kidogo."

"Kidogo ni jicho zima?"

Ndipo alipomwambia sehemu aliyokuwa ameiruka. Alikuwa amekwenda kwa meneja, mbele ya mstari mzima wa wafanyakazi, akamwuliza kama betri zile ni salama. Meneja alisema betri ni betri na umeme ni umeme, na kama mpiga picha anaogopa betri arudi Ilomba akalime viazi, Makambako kuna wapiga picha wasio waoga. Watu walicheka. Mstari mzima ulicheka, watu mia. Alirudi kwenye kamera masikio yanawaka, akatia betri.

"Nikatae vipi?" alisema. "Mtu wa mkataba wa mdomo anakataa kwa kitu gani?"

Atuganile alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliona stoo ile ambayo hajawahi kuingia, aliona midomo iliyocheka, na hasira yake kwa mumewe ikalegea, ingawa haikuisha. Alimwambia hayo ndiyo atakayoyasema Jumatatu. Yote, hata la kujua.

"Tukisema nilijua, watatulipa nusu."

"Watulipe nusu."

"Au wasitulipe kabisa."

"Baba Asukile," alisema, "mimi nimekula kwa Roza siku nne."

*

Ofisi ya afisa kazi ilikuwa na viti vitatu. Kimoja cha afisa mwenyewe, Ndugu Silvester, mzee wa miwani minene. Cha pili akakalia meneja. Cha tatu Mika akaweka mafaili juu yake. Yotamu alisimama na bendeji yake mpaka afisa alipoinua macho akamwambia karani aweke mafaili sakafuni. Jailos na Atuganile walibaki kwenye benchi la mlangoni.

Meneja alieleza vizuri. Alikuwa na lugha. Alisema nidhamu ya stoo imelegea, mtunza stoo alijichukulia madaraka, na kiwanda, kwa utu tu, kiko tayari kumsaidia huyu ndugu. Afisa alimgeukia Yotamu.

Yotamu alisimulia. Hakuruka hata pipa la maji. Alisema meneja ndiye aliyeagiza. Alisema Jailos alimwonya. Afisa alimkatiza hapo, akamwuliza kama anaelewa anachokisema, kwamba alionywa na bado akatumia.

"Naelewa," alisema Yotamu. "Nilimwuliza meneja kama ni salama, watu wakanicheka. Nikaona bora betri kuliko kile kicheko. Hilo ni kosa langu. Kuchaji si kosa la Jailos."

Jailos alitoa bahasha mfukoni, akaitua mezani. Ndani mlikuwa na betri yenyewe, imepasuka kitako. Afisa aliigeuza kwa ncha ya kalamu, akainua miwani, akasoma Kiingereza kile taratibu, kisha akakitia kwenye Kiswahili: isichajiwe, yaweza kupasuka. Akamwuliza meneja kama aliyaona maneno hayo.

Meneja alitabasamu. Alisema yeye anaongoza watu mia nne, si fundi umeme, na ni nani anayesoma betri. Kwa macho ya kawaida betri zote zinafanana.

Atuganile alikuwa amekwisha simama. Afisa alimwambia zamu yake haijafika. Yeye akasema ana swali moja tu, kisha atakaa. Afisa alitazama saa ya ukutani, akamruhusu.

"Chaja ilikuja na betri zake nne," alisema. "Ziko wapi?"

Meneja alisema hayo ni mambo ya ndani ya kiwanda. Afisa alimwambia ajibu. Akasema ziko nyumbani kwake, kwenye redio, kwa ajili ya kusikiliza taarifa, kazi yake inamtaka ajue taarifa.

"Kwa nini hukuchaji hizi za kawaida ukazitia kwenye redio yako," Atuganile aliuliza, "ukampa mpiga picha zile nne?"

"Zingeharibu redio," alisema meneja.

Yalimtoka kama yanavyomtoka mtu jambo analolijua. Baada ya hapo ndipo alipolisikia, kwamba amekiri alijua zinaharibu. Mika, aliyepewa na afisa kazi ya kuandika, alisimamisha kalamu, akamtazama afisa kama anayeuliza aandike au asiandike. Afisa akamwambia aandike.

Atuganile alikaa.

Walitolewa nje kwa nusu saa, wakaitwa tena. Afisa alisoma uamuzi bila kuinua kichwa. Jailos arudi kazini, ila apewe barua ya onyo kwa kutotoa taarifa kwa maandishi. Yotamu alipwe shilingi mia nane na gharama za hospitali, si zaidi, kwa kuwa alionywa. Meneja akumbushwe kwa barua juu ya matumizi sahihi ya vifaa. Mambo mengine yatapelekwa ngazi za juu.

Atuganile alingoja aendelee. Hakuendelea. Barua kwa aliyeonya, barua kwa aliyeamuru, na karatasi zote mbili zilikuwa za ukubwa mmoja. Alitaka kusimama tena, lakini Jailos alimgusa mkono akatikisa kichwa, naye akaona uso wa mtu aliyepata kazi yake na hataki kuipoteza kwa mara ya pili ndani ya wiki moja.

"Haya," afisa alisema, akifunga faili. "Sisi wote ni ndugu. Peaneni mikono, yaishe hapa."

Meneja aliinuka. Alikuwa amejikusanya tayari, suti imenyooka, sura ya mtu mkubwa anayesamehe. Alizunguka meza, akasimama upande wa kulia wa Yotamu, akanyoosha mkono. Yotamu alikuwa ametazama mlangoni, anamtafuta mkewe kwa jicho lake moja. Upande ule wa kulia kwake ulikuwa giza. Hakuona mtu, hakuona mkono.

Mkono ukabaki hewani. Afisa aliuona. Jailos aliuona. Mika aliuona akainamisha kichwa kwenye mafaili. Meneja alisubiri, akakohoa kidogo, mkono bado umenyooshwa, vidole vimeanza kujikunja vyenyewe. Neno moja tu la mke lingetosha: mume wangu, unapewa mkono.

Atuganile aliutazama mkono ule mpaka aliposhiba. Kisha akamshika mumewe bega la kushoto, upande unaoona, akamwongoza nje.

Walifika barabarani, kwenye jua, ndipo Yotamu alipouliza kwa nini watu walinyamaza ghafla mle ndani. Akamwambia.

"Mbona hukuniambia?"

Atuganile alimtazama bendeji, akatazama juu ambako hakukuwa na hata chembe ya ukungu, mwanga wa kumpiga picha kila mtu wa Iringa bila betri.

"Hukuuona kwa sababu yake," alisema. "Ningekuazima jicho langu ili yeye apate msamaha?"